Kinyonga wangu amezaa wiki tatu zilizopita: apandishwe tena lini?

Swali: Nafuga vinyonga wawili wa pembe tatu, aina ya Trioceros jacksonii, dume na jike, kila mmoja na kizimba chake, na vizimba viko bega kwa bega. Jike amezaa wiki tatu zilizopita: watoto 22 wazima, na pamoja nao vibonge vichache vya manjano ambavyo havikuwa na kitu ndani. Anakula na kunywa, ila amekonda. Aliyeniuzia anasema nimpe mwezi mmoja tu kisha nimrudishie dume, kwa sababu porini wanazaa mfululizo bila kupumzishwa na mtu. Je, ni sahihi? Nitajuaje kwamba yuko tayari? Na wale majike walio miongoni mwa watoto hawa, nao wapandishwe wakifika umri gani?

Jibu: Mwezi mmoja ni mapema mno. Usimpeleke kwa dume hata kwa kujaribu tu. Ukitaka kipimo cha kuanzia, hesabu miezi sita kamili tangu siku aliyozaa, na hata hiyo ikitimia, atakayeamua ni yeye mwenyewe kwa uzito wake na hali ya mwili wake. Kwa maoni yangu mzao mmoja kwa mwaka ndio mwisho wa kile jike wa aina hii anachostahili kubebeshwa, na mizao miwili au mitatu maisha yake yote inatosha. Lakini kabla hatujafika kwenye miezi, kuna jambo ambalo aliyekuuzia hakukuambia, na ndilo linaloligeuza swali lako lote: jike huyo huenda hamhitaji dume kabisa ili ashike mimba nyingine.

Majike wa kinyonga huhifadhi mbegu za dume ndani ya miili yao. Baada ya kupandwa mara moja, sehemu ya mbegu hutumika kurutubisha mayai yaliyo tayari wakati ule, na sehemu hubaki hai kwenye njia ya uzazi, ikisubiri mayai mengine yakomae. Ndiyo maana wafugaji wengi hushtuka kuona jike aliyekaa peke yake miezi mingi akizaa watoto wazima wenye afya. Hilo ni jambo la kawaida kwa kinyonga wa pembe tatu, na pia kwa wale wanaotaga mayai. Kama jike wako alinunuliwa akiwa mkubwa, au alikamatwa porini, hata hujui amekutana na madume wangapi kabla ya kufika kwako.

Tazama sasa ushauri wa mwezi mmoja unakupeleka wapi. Unampeleka kwa dume jike ambaye pengine mayai mapya yameshaanza kukua tumboni mwake. Dume atamfukuza huku na huku, jike atamkataa kwa nguvu zote, na zile nguvu alizokuwa anazikusanya baada ya kuzaa zitaishia kwenye hofu. Hujapata chochote ambacho mwili wake haukuwa nacho tayari, na umempotezea wiki kadhaa za kupona.

Kwa hiyo miezi hii ya kwanza kazi yako ni kumwangalia kana kwamba tayari ana mimba, mpaka mizani ikuonyeshe vinginevyo.

Nieleze kwa nini mapumziko yana uzito huo, maana wengi hudhani gharama ya uzazi iko kwenye kubeba mimba na kuzaa. Kwa kinyonga wa pembe tatu mayai hayatagwi; hukaa tumboni yakiwa na utando laini tu, na watoto hukulia humo kwa miezi mitano, sita, wakati mwingine zaidi, kutegemea joto analoishi nalo mama. Anapozaa, kila mtoto hutoka ndani ya kifuko chembamba chenye kunata, kikadondoka au kikanasa kwenye tawi, naye akajinyoosha na kukipasua. Chakula kikubwa cha mtoto wakati wote huo ni kiini cha yai. Na kiini hicho kilitengenezwa kabla yai halijarutubishwa: ini la mama lilichukua mafuta, protini na kalsiamu kutoka mwilini mwake likavisukuma kwenye damu, na ovari zikavijaza ndani ya mayai. Ukihesabu watoto wako 22 pamoja na vile vibonge vya manjano, ambavyo ni mayai yasiyorutubishwa, utaona mama alilipa sehemu kubwa ya gharama hata kabla mimba haijaonekana kwa macho.

Hapo ndipo penye kosa la kumrudisha mapema. Jike anayeanza kujaza viini upya huku akiba yake ya kwanza haijarudi, hana pengine pa kuchota isipokuwa kwenye misuli na mifupa yake. Kwa nje utaona bado anakula vizuri. Miezi mitano baadaye, siku ya kuzaa, ndipo deni linapodaiwa. Misuli ya kusukuma watoto haifanyi kazi bila kalsiamu ya kutosha kwenye damu. Ikipungua, anasukuma kwa udhaifu, anachoka, watoto wanabaki ndani, na watoto waliofia tumboni huweza kumwua mama. Majike wengi wanaopotea kwenye uzazi walipungukiwa muda mrefu kabla ya siku ile, na mara nyingi ni mfugaji aliyekuwa na haraka.

Ama hoja ya porini, inasikika vizuri lakini haikusaidii. Uteuzi wa asili haujali jike aishi muda mrefu. Unajali tu kwamba ameacha watoto. Huko Madagaska kuna aina iitwayo Furcifer labordi ambayo hukaa ndani ya yai miezi minane hadi tisa, kisha baada ya kuanguliwa huishi miezi minne au mitano tu: hukua, huzaliana na kufa, kizazi kizima ndani ya msimu mmoja. Hayo ni maisha ya porini kabisa, na hakuna mfugaji anayetaka jike wake ayaishi. Aina yako hudumu zaidi ya hapo. Jike aliyetunzwa vizuri anaweza kufika miaka minne au mitano, na madume mara nyingi huwazidi. Tofauti hiyo kati ya jike na dume kwa sehemu kubwa ni gharama ya kuzaa. Tena jike wa porini hula wadudu wa kila aina, huota jua lenyewe, na akimchoka dume huondoka akaenda zake. Wako hana pa kwenda.

Sasa tuje kwenye mwili wake. Wiki tatu baada ya kuzaa, kukonda kwake si jambo la kukutisha, mradi anakula na macho yake yamejaa. Kinachonitia wasiwasi kwa jike aliyezaa karibuni ni mengine: anafumba macho mchana, macho yamezama, anashindwa kushika tawi kwa mguu mmoja au miwili, anaendelea kujikamua kama anayetaka kuzaa, tumbo lina uvimbe upande mmoja, au anatoa uchafu mweusi wenye harufu. Ukiona lolote kati ya haya, mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, apigwe picha ya eksirei au ultrasaundi kuona kama kuna mtoto aliyebaki. Usimkande tumbo, usimwogeshe maji ya moto, usimpe dawa ya kusukuma uliyopewa na rafiki.

Kama hakuna hayo, kinachohitajika kwanza ni maji. Watu hukimbilia chakula, lakini jike aliyezaa amepoteza maji mengi, na kinyonga mwenye kiu hali vizuri. Nyunyizia majani ya kizimba asubuhi na jioni kwa muda wa kutosha, mpaka umwone amelamba na kumaliza haja yake, na uweke kifaa cha kudondosha maji polepole juu ya jani analopenda kukaa karibu nalo. Tazama kinyesi chake: ile sehemu nyeupe ya mkojo ikiwa nyeupe safi, maji yanatosha, ikiwa ya rangi ya chungwa iliyokolea na ngumu, hayatoshi.

Chakula kiwe kidogo kidogo na mara kwa mara. Nyenje wa ukubwa wa kati, mende wa kufugwa, viwavi vya hariri, panzi wadogo: mbadilishie, usimng'ang'anize aina moja. Wadudu hao wenyewe walishwe majani mabichi na mboga siku moja kabla hawajawekwa mbele yake, maana mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Minyoo ya unga na viwavi vya nta vina mafuta mengi na havijengi. Vinamnenepesha haraka, mizani inapanda, nawe unadhani amepona.

Kwenye kalsiamu na vitamini nakuomba uwe na mkono mwepesi. Kinyonga wa pembe tatu asili yake ni milima: nyanda za juu za Kenya, na Mlima Meru kwa upande wa Tanzania. Wengi wa jamii hii ya milimani hawavumilii vitamini nyingi. Mfugaji anaona jike amedhoofika, anamrundikia unga wa vitamini kila siku, na baada ya wiki chache shingo na koo la kinyonga vinavimba maji. Kalsiamu ya kawaida isiyo na vitamini D3, vumbi jepesi tu juu ya wadudu, unaweza kumpa karibu kila mlo wakati huu wa kupona. Ile yenye D3 pamoja na vitamini nyingine, mara moja au mbili kwa mwezi inatosha. D3 iliyo bora ataitengeneza mwenyewe kwenye ngozi akiwa chini ya taa ya UVB, yaani taa ya miale ya urujuanimno kama ile ya jua, kwa hiyo hakikisha taa hiyo haijachakaa. Inaweza kuwaka vizuri machoni pako na huku miale yenyewe imeisha; wengi huibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, kufuatana na aina. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki, kwa kuwa kioo huzuia miale hiyo.

Joto nalo linaingia kwenye swali lako moja kwa moja. Mchana aishi kwenye nyuzi 21 hadi 26 za Selsiasi, na pale anapoota pasizidi 29. Usiku pashuke, 18 au chini ya hapo, hata 12 anavumilia bila taabu. Wafugaji wengi wanafanya vizuri mchana, kisha usiku wanaacha taa ya joto inawaka kwa huruma. Kwa kinyonga wa milimani huruma hiyo ni mateso. Mwili usiopoa usiku hauachi kuchoma chakula, mapumziko ya kweli hayapatikani, na mzunguko wa mayai unakwenda mbio kuliko akiba yake inavyoweza kufuata. Ukibadilisha jambo moja tu wiki hii, libadilishe hili, kama usiku wake una joto.

Na jambo la pili ni vile vizimba vilivyo bega kwa bega. Weka ubao, pazia au mimea minene katikati leo. Jike anayemwona dume kila saa anakaa katika hali ya kujilinda: rangi inafifia au kuwa nyeusi, anajificha nyuma ya shina, anakula haraka haraka au anaacha chakula. Watu huniambia wamezoeana. Ukiwatazama kwa makini utaona jike amechagua daima upande wa mbali wa kizimba chake.

Tufike kwenye mizani, maana hapa ndipo jibu la lini linapopatikana. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla hajala. Usimshike mkononi, weka kitawi kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha mwache apande mwenyewe. Andika. Kama unao uzito wake wa kabla ya mimba iliyopita, huo ndio lengo. Kama huna, utalijua lengo kwa umbo: mapaja yenye nyama, mzizi wa mkia ulio mviringo usioonyesha mfupa, mifupa ya nyonga isiyochomoza, mbavu zinazoonekana kidogo tu anapojikunja.

Ila mizani inaweza kukudanganya, na ni kwa sababu ya zile mbegu nilizozitaja. Tuseme kabla ya mimba alikuwa na gramu 70, na baada ya kuzaa alishuka hadi 56. Anapanda polepole: 58, 61, 65. Unafurahi. Anafika 70, wiki mbili baadaye 74, kisha 79. Hapo furaha igeuke uangalifu. Jike anayepona hupanda haraka mwanzoni, halafu hutulia karibu na uzito wake wa zamani na kukaa hapo. Jike mwenye mimba haishii hapo. Anaendelea kupanda, na kinachonenepa ni ubavu wa chini na tumbo huku mapaja na mzizi wa mkia vikibaki vilevile au vikikonda. Anaanza pia kuota taa muda mrefu zaidi, anakunywa zaidi, na hamu ya kula inaongezeka kabla ya kupungua siku za mwisho. Daktari mwenye ultrasaundi anaweza kuona mayai yanayokua mapema; eksirei husaidia zaidi mwishoni, mifupa ya watoto inapokuwa imeshakomaa.

Kwa hiyo unachokisubiri ni uzito uliorudi kisha ukatulia, bila kupanda wala kushuka, kwa wiki nane hivi. Jike aliyekaa wiki nane kwenye uzito wake, huku miezi sita tangu azae imeshapita, amekuonyesha mambo mawili kwa pamoja: amerudisha akiba yake, na hana mimba ya siri. Ikiwa wiki hizo nane zinatimia miezi minane au tisa tangu azae, basi subiri hiyo minane au tisa. Na kama uzito wake haukurudi kabisa ndani ya nusu mwaka, usiseme ndivyo alivyo. Peleka kinyesi kikapimwe minyoo na vijidudu vingine. Kwa vinyonga waliotoka porini hasa, vimelea ni sababu ya kawaida ya jike anayekula lakini asinenepe.

Ikiwa atapata mimba kutokana na mbegu alizozihifadhi, hujafanya kosa. Mlee kama mjamzito, mlishe, usimwonyeshe dume, na saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa upya siku atakapozaa mara ya pili. Baada ya mizao miwili iliyofuatana hivyo, mimi nisingempandisha tena kwa makusudi, hata akionekana mzima kiasi gani. Vilevile jike aliyepita miaka minne, aliyewahi kupata shida ya kuzaa, aliyezaa watoto wengi wafu, au mwenye taya laini na miguu iliyopinda: huyo aishi tu kwa amani. Vile vibonge vichache vya manjano vya mzao huu havinisumbui. Mzao mkubwa mara nyingi huwa navyo. Vingekuwa nusu ya mzao mzima, ningekuambia tutafute sababu kwanza, iwe ni dume asiye na nguvu, lishe au joto.

Siku itakapofika ya kuwakutanisha, ondoa pazia kwanza, waonane kwa mbali, na umsome jike. Aliye tayari hubaki na rangi yake tulivu, ama anatembea polepole akimwacha dume amfuate. Asiyekuwa tayari hukuambia waziwazi: anakuwa mweusi, anafungua kinywa, anatoa sauti ya kufoka, anayumba kwenye tawi mbele na nyuma, wakati mwingine anamrukia dume. Akifanya hivyo, rudisha pazia mara moja. Usiwaache eti wazoeane, na usijaribu tena kesho. Jike anayekataa hivyo mara nyingi tayari ana mimba, na ukataaji wake ni taarifa ambayo hukulipia ultrasaundi kuipata. Mrudie kwenye mizani, subiri mwezi.

Akimkubali, waweke pamoja mahali palipo wazi unapoweza kuwaona wote wawili, kaa hapo, usiondoke. Wakimaliza watenganishe. Mara moja inatosha. Sababu unaijua tayari.

Kwa wasomaji wanaofuga aina zinazotaga mayai, kama Chamaeleo calyptratus wa Yemeni au Furcifer pardalis wa Madagaska, hesabu inabadilika kidogo. Yule wa Yemeni hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, na akilishwa kupita kiasi kwenye joto kali anaweza kutaga mayai 60, 80 kwa mkupuo, na tena baada ya miezi mitatu au minne. Kwake yeye swali la kwanza ni jinsi ya kupunguza mayai: chakula cha kiasi baada ya kukomaa, sehemu ya kuota isiyozidi joto linalohitajika, na chombo chenye mchanga wenye unyevu wa kuchimba wakati wote, maana jike asiye na pa kutaga huyazuia mayai mpaka yanamwua. Kumpandisha mara tu baada ya kutaga ni kumwongezea mzigo mwili ambao ungejibebesha mwenyewe. Msubirishe mzunguko mmoja mzima angalau, na utumie mizani ileile.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Una watoto 22 nyumbani sasa hivi. Kila mmoja anataka nzi wa matunda na nyenje wachanga mara kadhaa kwa siku, na ndani ya miezi michache wengi watahitaji kutengwa kwa kuwa wataanza kugombana na wadhaifu watakosa chakula. Kabla ya kufikiria mzao wa pili, hawa wa kwanza wawe wamekua na wamepata watu wa kuwatunza unaowaamini. Kumbuka pia kwamba vinyonga hawa wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, Kiambatisho cha II, kwa hiyo kuwavusha mpaka wa nchi bila vibali ni kosa, na nchi nyingi zina sheria zake za ndani kuhusu kuwafuga na kuwauza. Na wakikuzidi, usiwaachie msituni. Mwaka 1972 vinyonga wa aina hii hii walipelekwa Hawaii kama wanyama wa kufugwa, wakatoka, wakazaliana, na leo wanakula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile ambao hawapatikani kwingine duniani.

Swali lako la mwisho, la majike wadogo. Wanaweza kukomaa kimwili kabla ya mwaka kuisha, wengine mapema zaidi, na hiyo ndiyo hatari yake: mtoto wa miezi minane aliyeachwa akae pamoja na kaka zake anaweza kupata mimba akiwa bado anajenga mifupa yake mwenyewe. Madume watajitambulisha kwa pembe zinazochomoza na kurefuka; majike wa nususpishi iitwayo xantholophus (tawi mojawapo la aina hii) kwa kawaida hawana pembe, ila katika nususpishi nyingine jike anaweza kuwa na pembe moja au hata tatu, kwa hiyo angalia pia uvimbe wa mzizi wa mkia, ambao dume anao. Watenganishe kwa jinsia mapema, wasipite miezi minne. Jike wa kwanza usimpandishe kabla ya mwaka mmoja na nusu na ukuaji wake kusimama kwenye mizani, na dume wake asiwe baba yake wala kaka yake. Anza sasa kuandika ni mtoto yupi ametoka kwa nani, kwa sababu wakishagawanywa kwa watu hakuna atakayeweza kukumbuka.